Msiba Usio na Tarehe

Mafuriko yana tarehe. Nenda Solai, kaunti ya Nakuru, utaambiwa usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lilipopasuka. Nenda Mai Mahiu, utatajiwa Aprili 29, 2024, kabla hakujapambazuka. Mtunga mchezo anapenda misiba ya aina hiyo, ingawa si jambo la kulisema kwa sauti: ina kabla, ina saa yenyewe, ina baada yake. Maonyesho matatu yameshajipanga hata hujashika kalamu.

Owino Uhuru haikunipa zawadi hiyo. Ni mtaa wa nyumba za udongo na mabati ulioko Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, ukitokea kisiwani kufuata barabara ya Nairobi. Mwaka 2007 mtaa ukapata jirani mpya: kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi yaliyomo. Kiwanda kikafungwa 2014. Katika miaka yote hiyo hakuna siku hata moja unayoweza kuinyoshea kidole ukasema ndiyo hii. Moshi ulitoka jana, ukatoka na leo. Mtoto aliumwa tumbo, akapata nafuu, likamrudia. Mimba ya jirani ikaharibika. Basi, mimba huharibika. Kuku wakafa, kuku nao hufa. Watu wapatao elfu tatu wakaishi ndani ya msiba ambao hakuna aliyewapigia mbiu.

Mimi ni mtu wa jukwaa. Kikundi chetu hapa Mombasa hutengeneza michezo ya ushuhuda: tunakwenda kwa watu, tunawarekodi, tunayaandika maneno yao kama yalivyowatoka, kisha waigizaji wanayasema bila kuyapamba. Mwenzangu mmoja hupiga picha, mtu mmoja mmoja, na picha hizo tunazitundika pale pale mchezo unapochezwa. Nilikuwa nimezoea kuifanya kazi hii kwenye mambo yenye tarehe. Hapa nilijifunza upya, na karibu yote niliyojifunza yalitokana na shida hiyo moja: msiba usio na siku unaupangaje?

Tulipofika, watu walikuwa wamechoka kuhojiwa. Walikuwa wameshapita wanahabari, wanafunzi wa vyuo, watu wa mashirika, na kila mmoja na daftari lake. Kwa hiyo ipo hadithi ya kuwapa wageni. Inaanza na mtoto mgonjwa, inapita kwenye mabati yaliyotoboka, inaishia kwenye chozi. Ni ya kweli, neno kwa neno, lakini imesemwa mara nyingi hadi imelainika, na msemaji anaisema huku akikuangalia kama umetosheka, aendelee na shughuli zake. Nikazima kinasa sauti, tukaletewa chai. Hapo ndipo kina mama walipoanza kubishana. Ile barua ilipelekwa kabla ya maandamano au baada? Chifu alikuja mwaka ule, au ule uliofuata? Mtoto wa fulani si alikuwa keshaanza shule? Mmoja akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki ili aukate ubishi, na kadi ikauzidisha. Ubishi ule ulikuwa na uhai kuliko chochote nilichokuwa nimerekodi tangu asubuhi. Nikaomba ruhusa ya kuwasha tena.

Tangu hapo tukabadilisha maswali. Ukimwuliza mtu “ni yapi yaliyokupata?”, atakupa hadithi ya wageni. Tukaanza kuuliza: ulimwambia nani kwanza? Alikujibu nini? Ukatoka pale ukaenda wapi? Ulikwenda kwa miguu au kwa matatu? Maswali haya ni makavu, hayana huruma ndani yake, na kwa sababu hiyo hasa watu waliyapenda. Hakuna aliyekuwa amewauliza habari za nauli.

Pia tulifunga kamba uani, kutoka nguzo moja hadi nyingine, tukakata vipande vya katoni. Kila jambo lililokumbukwa liliandikwa kwenye kipande na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Watu hawapimi miaka kwa tarakimu. Walipima kwa fujo za uchaguzi wa 2007, kwa kura ya katiba ya 2010, kwa uchaguzi wa 2013, kwa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua kubwa, kwa Ramadhani iliyoangukia likizo za Agosti. Vipande vilihamishwa huku na huko siku kadhaa. Mzee mmoja wa nyumba kumi alikuwa akipita kila jioni, anasoma kamba yote kimyakimya, anatoa kipande kimoja anakirudisha nyuma, kisha anaaga. Hakuwahi kueleza sababu, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Kamba ile ilituonyesha kitu ambacho hakuna shahidi mmoja aliyekuwa nacho peke yake. Magonjwa yalikuwa yametawanyika pote, kipande hapa, kipande pale. Lakini kati ya malalamiko ya kwanza na siku kiwanda kilipofungwa, vipande vya ofisi vilibanana hadi vibanio vikatuishia: zahanati, ofisi ya chifu, geti la kiwanda, watu wa mazingira, watu wa afya, mheshimiwa fulani, tena zahanati. Mchezo ulikuwa umejificha hapo, katika mwendo wa kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Nikaacha kuandika mchezo wa wagonjwa, nikaanza kuandika mchezo wa watu wanaotembea. Kamba yenyewe tukaipandisha jukwaani. Hatukuhitaji mandhari nyingine.

Bado kulikuwa na tatizo la sumu yenyewe, maana risasi haina harufu ya kuigizwa. Mmoja wetu alipendekeza unga urushwe mbele ya taa. Ulipendeza mno, na nikaukataa kwa sababu hiyo. Jawabu likatoka kwenye rekodi, kwa mke wa kibarua wa zamani aliyekuwa akieleza jinsi alivyofua. Mume alirudi jioni na nguo za kazi. Aliziloweka kwenye karai. Maji yalikuwa ya kununua kwa mtungi, hayamwagwi ovyo, kwa hiyo maji yale yale yakafua nguo za watoto. Asubuhi akafagia ua mkavu na vumbi likapanda, mtoto mdogo akiwa pale chini anatambaa na kutia vidole mdomoni. Hayo yote yakawa onyesho moja. Mwigizaji anafua na kufagia, hasemi chochote, na mwenzake kando anasoma kwa sauti ya kawaida mambo ambayo daktari yeyote anayajua: kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya risasi anayofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichokimeza, kwamba ikishaingia hujihifadhi katika mifupa na meno, kwamba mwanamke akipata mimba baadaye, ile ya mifupani inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni, kwamba Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote cha risasi mwilini kilicho salama. Tulipolicheza onyesho hilo mtaani, kina mama waliokaa mbele walianza kuhesabu karai zao kwa vidole.

Waigizaji walipata tabu na jambo jingine. Kwenye mazoezi tunavaa visikizio masikioni na kumfuata msemaji wa kwenye rekodi, pumzi kwa pumzi: pale anapokohoa unakohoa, anaposema “eeh, basi” unasema “eeh, basi”, na pale mama anaposema nasi Kiswahili lakini anahesabu miezi kwa Kijaluo, unahesabu kwa Kijaluo. Ni kazi ya unyenyekevu. Mwigizaji wetu mmoja wa kike, hodari sana, kila alipofika kwenye siku ya majibu ya damu alikuwa akitia kilio ambacho hakimo kwenye rekodi. Mwenye maneno alikuwa amekuja kutazama mazoezi. Akamwita pembeni akamwambia, “Mwanangu, siku hiyo mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nauli ya kurudi.” Sijasoma kitabu chochote cha uigizaji kilichofundisha zaidi ya hapo. Onyesho likabaki na mama anayehesabu sarafu, na ndilo watu wanaloniulizia hadi leo.

Swali lililotufuata kila mahali ni la Phyllis Omido. Habari zake zinajulikana: aliajiriwa katika kiwanda hicho, mwanawe akaugua, akatibiwa magonjwa mengine mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa 2012 baada ya maandamano na mahakama ikamwachilia, na 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mfadhili mmoja alitaka mchezo uwe wake tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi namheshimu mama huyo kuliko ninavyoweza kueleza hapa, na ndani ya mchezo yumo, kwa maneno aliyoyasema hadharani. Lakini mchezo wenye shujaa mmoja unakigeuza kijiji kizima kuwa watazamaji wa maisha yao wenyewe. Waliotembea kwenda ofisini walikuwa wengi. Wako waliobaki nyumbani kuwalisha watoto wa waliotembea, na hao nao ni sehemu ya mwendo. Tukakosa pesa za mfadhili huyo. Tukakodi spika ndogo zaidi.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa vibarua. Kiwanda kilitoa kazi, na waliozifanya hawakuwa wageni. Walikuwa waume, kaka na wapangaji wa nyumba zile zile. Katika nyumba moja mke alikuwa akiandamana na mume akiingia zamu. Walipigana maneno, wakanuniana, na kodi ikalipwa kwa mshahara ule ule uliokuwa ukipingwa barabarani. Hadithi ya wageni haina nafasi ya watu hawa, kwa sababu wanaharibu mstari safi kati ya aliyedhuru na aliyedhuriwa. Kumbe wao ndio walioipokea sumu ikiwa bado na moto. Ilichukua muda kabla hawajakubali kuongea, na walipokubali waliongea kama mafundi: namna ya kupasua betri, asidi inavyomwagika, tanuri linavyolishwa, glavu zinavyokwisha. Niliyaacha maelezo yao yawe marefu. Mtu wa mjini aliyeona mchezo alisema sehemu ile inachosha. Mtaani waliisikiliza kwa makini kuliko yote, kwani wengi walikuwa hawajawahi kujua ndani ya ukuta ule kulifanyika nini hasa.

Sasa picha. Mpiga picha wetu alikwenda na kanuni moja: hapigi bati lililotoboka, wala ngozi ya mtoto yenye vidonda. Picha hizo zipo tele, na ukiziona unamwona mgonjwa, humwoni mtu. Akafanya kama studio za zamani za Mombasa zilivyofanya, zile zenye pazia la kuchorwa nyuma, ambako mtu aliingia na nguo zake nzuri akachagua pozi lake. Badala ya pazia tukatundika leso, yaani kanga, na kila mtu akaombwa alete yake. Hapo kina mama wakatuzidi akili. Leso ina maneno, na hakuna mwanamke wa Pwani anayechukua leso bila kusoma jina lake. Mmoja alisimama mbele ya “Mdhaniaye ndiye kumbe siye”, akatazama kamera bila kutabasamu, na hakuhitaji maelezo chini ya picha. Mwingine alileta “Subira yavuta heri”, mwenzake akamcheka, akaenda akaibadilisha.

Kila mtu pia alichagua cha kushika. Walioshika kadi za kliniki walikuwa wengi. Kibarua mmoja alishika barakoa aliyopewa kazini. Bibi mmoja alishika sufuria, akakataa kusema kwa nini. Nadhani ni yake tu na aliipenda.

Watoto ndio walioleta mgogoro. Mimi nilikuwa na msimamo kwamba sura zao zisionekane. Picha ikishaingia kwenye simu za watu haitoki. Mtoto huyu atafika miaka ishirini, atatafuta kazi, ataposa au ataposwa, na jina lake litavutwa pamoja na neno sumu. Baadhi ya wazazi walinipinga vikali. Baba mmoja aliniuliza kama ninamwonea haya mwanawe. Hoja yake ilikuwa na uzito: kumficha mtu ni kumfanya aonekane ana aibu, na hapa mwenye kustahili aibu si mtoto. Tulizungumza mpaka usiku. Mwishowe mtu mzima alijiamulia mwenyewe sura yake, na watoto tukawapiga kwa nyuma, wakikimbia, wakipanda mwembe, wakicheza mchezo wa kati. Yule baba hajaridhika, na akiniona ananikumbusha. Bado naamini tuliamua sawa, ila siwezi kudai kwamba yeye hana haki.

Kila aliyepigwa alipewa picha yake ya karatasi kwanza, kabla haijatundikwa popote, na ruhusa ya kuiondoa bila kutoa sababu. Mmoja aliiondoa, alikuwa amepata mwajiri mpya. Kijana wetu wa jukwaa alitaka tutundike fremu tupu mahali pake, watazamaji waulize. Nikakataa ujanja huo. Mtu ameomba asionekane. Kumtundikia pengo ukutani ni kumwonyesha kwa njia ya mlango wa nyuma.

Ushuhuda hatukuulipia, kwa kuwa maneno ya kulipiwa huanza kumtazama mlipaji. Ila wakazi walioigiza, waliopika na waliolinda vyombo usiku walilipwa sawa na sisi, na hesabu ikabandikwa mlangoni.

Mwisho wa mchezo ulitusumbua kwa namna ambayo sikuitarajia. Wakazi walikuwa wamekwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2016. Julai 2020 mahakama ikawapa ushindi: fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo na maji. Rasimu yangu ya kwanza ilimalizikia hapo, kwa vigelegele. Mwisho mtamu, ukumbi mzima unasimama. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Tulikuwa na onyesho limeshatangazwa. Vijana wa kikundi walitaka liahirishwe. Wengine walitaka tumalizie 2020 kama kawaida na kunyamaza. Nikapeleka swali mtaani, na jibu la kina mama lilikuwa la haraka: ongezeni kipande kwenye kamba. Tukaongeza. Mwigizaji anatembea hadi mwisho wa kamba, anabana kipande kipya cha katoni, anasoma kilichoandikwa, anarudi kukaa. Hakuna muziki. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha fidia ile, nasi tukaongeza kipande kingine vivyo hivyo, bila vigelegele vya kuandikiwa. Vigelegele vilipigwa, lakini na watazamaji, na pale walipotaka wao.

Jambo hilo limebadili kazi yangu yote. Nilifundishwa kwamba mchezo ni lazima ufunge. Mchezo wa msiba wa namna hii haufungi, unafanyiwa marekebisho. Mwigizaji wangu anapaswa kuwa tayari kupokea karatasi mpya asubuhi ya onyesho. Wakili aliyetusaidia alitukagulia pia tusitamke jina la mtu yeyote ambaye mashtaka yake yalikuwa bado mezani, kwa hiyo kwenye mchezo kiwanda kinaitwa kiwanda, basi. Mtaani hakuna aliyeuliza ni kipi.

Kucheza mtaani na kucheza ukumbini ni vitu viwili. Ukumbini watu walikaa kimya, wakapiga makofi, wakaja kutuambia imewagusa. Mtaani tulikatizwa ovyo. “La, hakuja na gari, alikuja na pikipiki!” Mwigizaji anasimama, anasahihisha, anaendelea. Wakati mwingine mwenye maneno anapanda mwenyewe na kuyasema, na mwigizaji anamshikia kipaza sauti. Mwanzoni nilikuwa nikitoka jasho. Siku hizi tunaacha nafasi.

Mwaka uliopita tumeanza kuupeleka mchezo kwa mafundi wa betri wa barabarani, hao wanaopasua betri kwa nyundo kando ya magereji, mikono mitupu. Tulicheza jioni baada ya kazi, jenereta ya kukodi, jukwaa ni mbao juu ya magurudumu. Onyesho la karai lilipokwisha, fundi mmoja akanyoosha mkono katikati ya mchezo, akataka kujua afanye nini na ovaroli aliyoivaa pale pale. Sikuwa na maneno ya kumpa. Rekodi zangu hazina jibu hilo. Muuguzi aliyekuja kutazama tu akasimama akamjibu: badilisha nguo kabla ya kurudi nyumbani, zifuliwe peke yake na maji yake, oga, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, usile ukiwa hujanawa, na mtoto mpeleke akapimwe damu. Wakaanza kuulizana: atabadilishia wapi nguo na kibanda hakina mlango? Maji ya kuoga atanunua nani? Mwenye gereji aite fundi seremala? Waigizaji wakashuka wakakaa nao. Nusu ya pili ya mchezo hatukuicheza usiku ule, na mwenye jenereta akadai saa zake zote.